AFYA YETU: Tunaogopa choo, tunakosa maji

Katika toleo lililopita niliahidi kwamba safari hii nitaandika juu ya usingizi wakati wa mitihani. Ahadi ni deni, na deni hilo nitalilipa, lakini naomba mnivumilie hadi toleo lijalo. Kuna jambo limenikaa moyoni tangu safari ya chama chetu ya Wadi Shab, na sioni kama linafaa kungoja mpaka joto la Juni litukute.

Wengi wenu mlikuwapo. Tuliondoka Muscat saa moja asubuhi kwa mabasi mawili, tukapita Quriyat, tukafika Tiwi jua limeshapanda. Tukavuka kwa ile boti ndogo, tukaanza kutembea kati ya majabali. Ulikuwa mwezi wa Aprili, joto halijafika hata nyuzi 40, na watu walikuwa wakicheka na kupigana picha. Baada ya kama nusu saa ya mwendo, mwenzetu mmoja aliyekuwa mbele yangu akasimama, akashika jiwe, akaniambia, "Shoga, naona giza." Kabla sijamjibu akakaa chini, kisha akalala ubavu.

Tukamvuta kivulini. Akina kaka wakasogea mbali wakatupa nafasi. Tukamlaza, tukamwekea begi chini ya miguu, tukalowesha kanga kwa maji ya wadi tukamfuta uso na shingo, na wengine wakampepea kwa sahani za karatasi tulizochukulia sambusa. Alhamdulillahi, fahamu zilimrudi upesi. Alipoweza kukaa nikampa chupa ya maji. Akanywa mafunda mawili, akanirudishia.

"Kunywa, dada, bado hujanywa kitu."

"Nikinywa nitataka kwenda. Na huku nitakwenda wapi?"

Hapo ndipo aliponieleza. Tangu usiku hakuwa amekunywa maji. Asubuhi alipata kikombe kidogo cha karak, basi. Na hakusahau. Alipiga hesabu zake mapema: saa mbili za basi, kisha mwendo wa kwenda na kurudi, ukishavuka kwa boti hakuna choo, na njia yote imejaa wanaume. Begini mwake mlikuwa na chupa mbili za maji zimejaa, hazijafunguliwa hata kizibo.

Amenipa ruhusa nikisimulie kisa hiki mradi nisimtaje jina, na ninamshukuru, kwa sababu niliporudi dahalia na kuanza kuwauliza wenzangu niligundua kwamba hayuko peke yake. Mmoja aliniambia siku za maabara ya saa tatu hanywi kitu tangu asubuhi, maana anaona haya kuomba ruhusa ya kutoka mbele ya darasa zima. Mwengine anajizuia baada ya sala ya Adhuhuri ili udhu wake umfikishe Alasiri bila ya kurudi tena msalani. Kaka mmoja anayeendesha gari kwenda kwao Nizwa kila wiki hanywi njiani ili asisimame. Wote hawa wanaishi katika nchi ambayo chupa ya maji inauzwa katika kila duka, na ambayo misikiti na nyumba nyingi zimeweka mabomba ya maji baridi ya sabili barazani ili mpita njia akate kiu. Hawakosi maji. Wanachokiogopa ni yale yanayofuata baada ya maji.

Kwa hiyo makala haya hayatakwambia tu "kunywa maji". Hilo tumeshaambiwa tangu skuli ya chekechea. Nataka tuone mwili unapoteza nini ukinyimwa, tunahitaji kiasi gani hasa, na halafu tuzungumze bila ya haya juu ya choo.

Tuanze na mwili wenyewe. Kiasi cha asilimia 60 ya uzito wa mwanamume mzima ni maji, na kwa mwanamke ni pungufu kidogo, kwani mwili wake una mafuta zaidi na mafuta hayashiki maji mengi. Maji hayo yamo ndani ya damu, ndani ya misuli, ndani ya kila seli. Ukitembea juani mwili unajipoza kwa jasho, na jasho linatokana na maji ya damu. Mtu anayefanya kazi nzito au kutembea mlimani kwenye joto kali anaweza kutoa jasho zaidi ya lita moja kwa saa. Damu ikipungua maji, moyo unalazimika kwenda mbio ili kufikisha kile kilichobaki kwenye ubongo na wakati huohuo kwenye ngozi inayotaka kupozwa. Ukisimama ghafla, au ukipanda jiwe, damu inayofika kichwani haitoshi kwa sekunde chache. Ndiyo lile giza aliloliona mwenzetu.

Yeye alipata kisunzi na kuzirai, akapoa, akapona. Lakini kuna hatua ya pili iliyo mbaya zaidi, nayo ni pale mwili unaposhindwa kabisa kujipoza. Dalili zake ni mwili kuwa moto sana, maneno kuanza kuchanganyika, mtu kutojua alipo, kutapika, au kupoteza fahamu na asirudi. Hiyo si hali ya kumpa mtu maji na kungoja. Piga simu 9999, mpeleke kivulini, mvue nguo za juu kwa kadiri ya stara, mwagie maji mwili mzima na mpepee bila kuacha mpaka msaada ufike. Na mtu asiye na fahamu usimtie maji kinywani, yatampalia.

Wale wanaodhani haya ni mambo ya jangwani tu, wakumbuke Quriyat yenyewe tuliyopita asubuhi ile, mji wa pwani. Mwezi wa Juni 2018 kulikuwa na usiku ambao joto la hapo halikushuka chini ya nyuzi 42.6. Huo ni usiku, jua limeshazama. Si bure kwamba sheria ya Oman inakataza kazi za nje kuanzia saa 6:30 mchana hadi saa 9:30 alasiri kwa miezi ya Juni, Julai na Agosti.

Sasa utaniuliza: mbona mwenzetu hakuhisi kiu? Alihisi, aliipuuza. Kiu ni mlinzi mzuri. Ubongo una sehemu inayopima ukali wa chumvi katika damu. Maji yakipungua kidogo tu, chumvi inazidi, na ubongo unatoa amri mbili: unaiambia figo ishike maji isiyaachie, na unakuletea hamu ya kunywa. Kijana mwenye afya aliyekaa mahali pa baridi, asiye na kazi nzito, anaweza kuifuata kiu yake na asipate shida. Lakini mlinzi huyu ana udhaifu wake. Kwenye joto na mwendo jasho linamtangulia, ukija kuhisi kiu umeshapoteza kiasi cha kutosha. Na kiu ni rahisi kuinyamazisha. Pipi inaituliza, kidonge cha barafu kinaituliza, shughuli inaisahaulisha. Sisi tunaotoka chumba chenye kiyoyozi, tukaingia gari yenye kiyoyozi, tukakaa darasani chini ya kiyoyozi, tunaweza kumaliza asubuhi nzima hatukumbuki maji, kisha saa saba tunatoka nje tukiwa tayari tumepungukiwa.

Na gharama yake haingoji mpaka uzirai. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Connecticut huko Marekani waliwachukua wasichana 25 wenye afya nzuri wakawapunguzia maji ya mwili kwa asilimia kama 1.4 tu ya uzito wao. Kwa msichana wa kilo 60 hiyo ni kama gramu 800, yaani chini ya lita moja. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionesha kwamba kichwa kiliwauma, moyo uliwachafuka, kazi waliyopewa waliiona nzito zaidi, na kutuliza fikra kuliwawia vigumu. Walipowekwa kwenye mitihani ya akili hawakufeli, lakini walitumia jasho zaidi kwa kazi ileile. Nikiusoma utafiti ule najiona mimi mwenyewe saa nane mchana maktabani, nimesoma ukurasa mmoja mara tatu, naulaumu usingizi, naagiza karak ya pili, na chupa yangu ya maji iko chumbani.

Sasa tuje kwenye swali ambalo nililetewa na wasomaji watatu: ni kweli lazima gilasi nane kwa siku? Jawabu ni hapana, si lazima. Namba hiyo imezunguka dunia nzima na asili yake haijulikani vizuri. Wengi wanainasibisha na ushauri wa bodi ya lishe ya Marekani wa mwaka 1945, uliosema mtu mzima anahitaji kiasi cha lita mbili na nusu kwa siku. Lakini ushauri uleule ulisema kwamba sehemu kubwa ya kiasi hicho imo ndani ya chakula, na sentensi hiyo ndiyo watu walioiacha njiani. Mwaka 2002 daktari bingwa wa figo, Heinz Valtin, aliutafuta ushahidi wa gilasi nane kwa watu wenye afya, na hakuupata.

Kipimo kinachotumika Ulaya, kilichotolewa na mamlaka yao ya usalama wa chakula mwaka 2010, ni lita mbili kwa mwanamke na lita mbili na nusu kwa mwanamume kwa siku, ikihesabiwa kila kitu: maji, chai, maziwa, mchuzi, tikiti. Kiasi cha moja ya tano hutoka kwenye chakula. Lakini soma vizuri: kipimo hicho ni kwa hali ya hewa ya wastani na kwa mtu asiyefanya kazi nzito. Muscat ya Juni haina wastani wowote. Mwanamke anayenyonyesha anahitaji zaidi, mcheza mpira anahitaji zaidi, na mwenye homa au kuharisha anahitaji zaidi. Namba moja haiwezi kumtosha kila mtu.

Kwa hiyo tumia kipimo ambacho kila mmoja wetu anacho na hakiuzwi dukani: rangi ya haja ndogo. Ikiwa ya manjano hafifu, kama maji yaliyotiwa ndimu, uko sawa. Ikiwa ya manjano kali na harufu yake nzito, mwili unakulilia maji. Ikiwa rangi ya chai ya rangi, umechelewa, kunywa sasa. Na kama haibadiliki baada ya kunywa, au ina wekundu, nenda ukamwone daktari. Kumbuka tu kwamba ile ya alfajiri ya kwanza daima huwa nzito, kwa sababu usiku hukunywa, na kwamba vidonge vya vitamini huigeuza ikawa manjano inayong'aa bila ya tatizo lolote. Hesabu nyengine nyepesi ni mara ngapi. Mtu anayekwenda mara mbili tu tangu asubuhi mpaka usiku anywe zaidi.

Tuingie kwenye faida zenyewe, na nitazisema zile tu zilizothibitika.

Ya kwanza ni vijiwe vya figo. Figo zetu mbili huchuja kama lita 180 kwa siku, karibu zote zinarudishwa kwenye damu, na kinachotoka ni lita moja na nusu au mbili zenye taka. Maji yakiwa machache, taka ni zilezile lakini zimebanana. Chumvi zake hukutana, hushikana, zikawa punje, punje ikawa kijiwe. Ni kama sukari ndani ya chai iliyokauka kikombeni. Nchi za joto, na Ghuba ikiwamo, zina wagonjwa wengi wa vijiwe, na aliyewahi kuvipata atakwambia kwamba maumivu yale hayana mfano. Mwaka 1996 daktari Loris Borghi na wenzake wa Italia walichapisha utafiti wa wagonjwa 199 waliopata kijiwe kwa mara ya kwanza. Nusu waliambiwa wanywe maji mengi mpaka haja ndogo ifike lita mbili kwa siku, nusu wakaachwa na mazoea yao. Baada ya miaka mitano, waliorudiwa na kijiwe katika kundi la maji walikuwa 12 kati ya 99. Katika kundi la pili walikuwa 27 kati ya 100. Dawa yenyewe ilikuwa maji tu.

Ya pili inawahusu zaidi dada zangu, nayo ni maambukizi ya njia ya mkojo. Njia hiyo kwa mwanamke ni fupi, vijidudu havina safari ndefu kufika kwenye kibofu. Vikiingia, kinachovitoa ni mkondo. Asiyekunywa hana mkondo, na anayejizuia anavipa muda wa kuzaana. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya wanawake 140 waliokuwa wakipata ugonjwa huu mara kwa mara na ambao walikuwa wakinywa kidogo, chini ya lita moja na nusu kwa siku. Nusu yao waliongezewa lita moja na nusu ya maji kila siku kwa mwaka mzima. Hawa walipata ugonjwa kwa wastani wa mara 1.7 katika mwaka huo. Wenzao wasioongeza walipata mara 3.2. Karibu nusu ya maumivu, nusu ya vidonge, nusu ya siku za kukosa masomo. Na mwenye maumivu ya kiuno pamoja na homa na kutetemeka asijitibu kwa maji, hapo ugonjwa huenda umeshapanda kwenye figo na unataka dawa ya hospitali siku hiyohiyo.

Ya tatu ni choo kigumu. Utumbo mpana hunyonya maji kutoka kwenye mabaki ya chakula. Mwili ukiwa na upungufu unanyonya zaidi, na kinachobaki ni kikavu. Anayekunywa kidogo akiongeza maji na matunda atapata nafuu. Anayekunywa vya kutosha tayari, akiongeza maji pekee hatoona tofauti kubwa, aangalie chakula chake.

Sasa yale ambayo maji hayafanyi. Maji hayasafishi "sumu" kwa namna ya ajabu. Kazi hiyo ni ya figo na ini, na maji yanazisaidia tu zifanye kazi zake. Hayaondoi chunusi peke yake. Na ule ujumbe unaozunguka kwenye simu za shangazi zetu kwamba maji baridi baada ya kula yanagandisha mafuta tumboni hauna ukweli. Maji baridi yakifika tumboni hupata joto la mwili baada ya muda mfupi. Ukipenda ya mtungini, kunywa ya mtungini. Ukipenda ya friji, kunywa ya friji.

Na karak je? Wengi mnaamini chai na kahawa zinakausha mwili. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, uliochapishwa mwaka 2014, uliwafuata wanaume 50 waliozoea kahawa. Siku kadhaa walikunywa vikombe vinne vya kahawa kwa siku, siku kadhaa maji kwa kiasi kilekile, na hali ya maji mwilini haikutofautiana. Kwa hiyo vikombe vyako vinahesabika. Tatizo la karak yetu liko kwenye sukari. Mtu anayekata kiu yake yote kwa karak na soda anakunywa maji yaliyobeba shehena ya sukari, na hilo ni hadithi ya makala nyengine. Tikiti maji, tango, machungwa na dafu la Salalah vyote vinasaidia.

Ramadhani ina hesabu yake. Kuna wenzetu wanaokunywa chupa nzima ya lita moja na nusu dakika tano kabla ya adhana ya Alfajiri wakidhani wanaweka akiba. Mwili hauna tangi. Maji mengi kwa mkupuo figo huyatoa upesi, na kabla ya saa mbili asubuhi yote umeyaacha msalani. Bora kuyagawa: gilasi mbili wakati wa kufuturu, moja kabla na moja baada ya tarawehe, nyengine kila unapoamka, na mbili wakati wa daku pamoja na chakula chenye majimaji kama uji au mtindi. Punguza vya chumvi kali usiku. Haba na haba hujaza kibaba.

Nisije nikawatia hofu mkaenda upande wa pili. Maji nayo yana mpaka. Katika mbio za marathoni za Boston za mwaka 2002, madaktari walipima damu za wakimbiaji 488 walipomaliza, wakakuta asilimia 13 wana chumvi ya damu iliyoshuka kupita kiasi, na alama kubwa ya waliopata hali hiyo ilikuwa ni kunywa kupita kiasi mpaka wakaongezeka uzito wakiwa mbioni. Hali hiyo inaweza kuua. Usishindane kunywa. Ukitoka jasho kwa saa nyingi, kula na kitu chenye chumvi kidogo. Na kama una jamaa mwenye ugonjwa wa moyo au figo ambaye daktari amempangia kiasi cha maji, kiasi hicho ndicho chake, asikibadilishe kwa sababu ya makala haya.

Sasa turudi Wadi Shab.

Ningeweza kumlaumu mwenzetu kwamba angekunywa tu. Lakini kila nikifikiri naona yeye alikuwa na akili timamu. Aliona safari iliyopangwa na watu wasiojiuliza msichana atakwenda wapi, akachagua kilichomfaa: kukaa na kiu kuliko kuaibika. Mimi mwenyewe nimo katika kamati ya safari. Tulipanga chakula, tukapanga mabasi, tukapanga hata nani atapiga picha. Choo hakikuwamo katika orodha. Kwa hiyo lawama nyengine ni yangu.

Haya ndiyo ninayoyapendekeza, na kwenye kikao kijacho cha kamati nitayasema kwa mdomo. Katika kila safari basi lisimame kwenye kituo cha petroli chenye vyoo safi, na mahali na saa ya kusimama vitangazwe tangu siku moja kabla, ili msichana ajue kwamba akinywa asubuhi hatopata taabu. Kabla ya kuvuka au kuanza kupanda, tupate robo saa pale penye vyoo. Ndani ya bonde, tuwe na dada wawili wenye kanga kubwa za kumstiri mwenzao penye jabali, mbali na maji ya wadi. Bibi zetu walisafiri kwa majahazi wakistiriana kwa kanga, sisi tumeona haya gani? Na kiongozi wa kila kundi awaambie watu wanywe kila baada ya dakika ishirini za mwendo, yeye akianza.

Darasani, tuzungumze na wahadhiri. Nilimwomba mmoja dakika tano katikati ya somo la saa mbili. Nilidhani atakataa. Alicheka, akasema yeye mwenyewe alikuwa akizitamani. Na wewe unayejizuia kwa ajili ya udhu: kuchukua udhu tena ni thawabu, na msala uko palepale.

Kabla sijafunga nikupeni jambo moja la nchi hii tunayoisomea. Oman ina falaj zaidi ya 3,000 zinazotiririka mpaka leo, na tano kati yake ziliingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006, Falaj Daris ya Nizwa ikiwamo. Ukifuata falaj kuanzia yanapotokeza maji utaona taratibu ya wazee: sehemu ya kwanza kabisa ni ya kunywa. Baada yake ndiyo ya msikiti na ya kuoga, na mwisho mashamba. Walikuwa na mitende inayosubiri na jua linalounguza, na bado hawakuruhusu kitu chochote kitangulie kunywa kwa mwanadamu.

Siku zetu tumezipanga kinyume. Ratiba kwanza, basi kwanza, haya kwanza, na maji yakibaki nafasi. Jana nilipita chumbani kwa yule dada yetu. Chupa yake ilikuwa juu ya meza imebaki robo. Akaniambia, "Usiniangalie hivyo, shoga, ni ya pili leo."

Tukutane toleo lijalo, inshaallah, na deni langu la usingizi.